Bi Mwamini wa Selo Namba Nne

3 Machi

Daftari hili nimepewa na masista waliokuja kutuletea sabuni za Kwaresima. Wamesema tuandike sala. Sala mimi nazijua kwa kichwa, kwa hiyo nitaandika mambo ya humu ndani, na anayetaka sala akamuulize Onesmo.

Naitwa Dotto, Mnyamwezi wa Nzega. Nilikuja Magindu na ng'ombe, nikaishia gerezani huku huku porini. Kesi yangu siielezi. Humu kila mtu hana kosa, nami sina, tuishie hapo. Tuko selo namba nne, watu wengi kuliko mikeka, tunalala ubavu, na mmoja akigeuka wote tunageuka. Nyapara wetu, yaani mfungwa anayetusimamia sisi wafungwa wenzake, ndiye huyo Onesmo, jitu la Singida lenye miaka thelathini ya kutumikia na kofi zito. Simpendi. Naliandika hilo bila hofu kwa sababu mwandiko wangu hata mimi unanishinda.

Halafu yuko mtani wangu, Mzee Pazi, Mzaramo wa Kibuta kule Kisarawe. Anakaribia sabini. Alimkata jirani yake kwa panga, ugomvi wa mpaka wa shamba la mihogo, akala miaka mitano. Sisi na Wazaramo ni watani toka zama za misafara, babu zetu wakibeba mizigo kwenda pwani na babu zao wakiwatoza ushuru njiani. Kwa hiyo mimi kwake ni Mpagazi, na yeye kwangu ni Mcheza Ngoma. Ni mkubwa sawa na baba yangu, lakini sijamwamkia hata siku moja. Mtani haamkiwi, anatukanwa.

Leo alfajiri ameamsha selo nzima kwa kilio. "Jamani Dotto wangu! Mpagazi kafa na mzigo kichwani!" Watu wameruka kutoka usingizini wakanikuta nakoroma. Nitamlipa, na atajuta.

8 Machi

Mvua imeanza. Bati linavuja juu ya mtondoo, ile ndoo ya haja, na hakuna aliyelalamika. Angalau sasa kuna anayeisuuza.

12 Machi

Tunafungiwa saa kumi jioni. Umeshahesabiwa umechuchumaa, mlango umeshagonga, na jua bado liko juu na huna pa kulipeleka. Hiyo ndiyo saa mbaya ya gerezani. Selo nyingine huo ndio wakati wa kupigana.

Kwetu Mzee Pazi anajiegemeza ukutani, anasema, "Haya, vaeni viatu." Na sisi tusio na viatu tunajiweka sawa.

Anatutoa getini. Atatoka kweli mwishoni mwa Mei, mvua ikiisha, basi kila jioni anafanya mazoezi na anatuchukua wote. Tunafika barabara kuu, tunapanda basi, tunashuka kituo cha Kwa Mathias kununua zawadi ya mkewe, Bi Mwamini. Hapo ndipo pana kesi. Mmoja anataka khanga, mwingine sukari na majani ya chai. Onesmo kila siku anang'ang'ania samaki wa kukaanga.

"Samaki atanuka mpaka Kisarawe," Mzee anamjibu. "Mwamini atadhani nimeoa soko la feri."

Tukimaliza kugombana tunaendelea mpaka Kiluvya, tunaingia barabara ya Kisarawe, halafu Kibuta kwa miguu, mihogo kushoto, mikorosho kulia. Bi Mwamini yuko uani anageuza makopa yake, mihogo ya kukausha, juani. Hakimbii wala hapigi vigelegele. Anaweka mkono kiunoni, anamtazama mumewe toka juu hadi chini, anasema, "Umechelewa. Bada imepoa."

Bada ni ugali wa unga wa makopa hayo. Hapo hadithi inaisha, kila siku hapo hapo. Kuna watu humu wameua, na wakisikia bada imepoa wanatabasamu wakiwa wamefumba macho.

17 Machi

Palizi ya mahindi. Matope. Dona na maharage.

22 Machi

Karandinga limeleta wafungwa wapya. Kwetu ameingia Saburi, muuza mkaa wa Masaki, Kisarawe, mtu mzima mwenye kipara. Mzee Pazi amefurahi kumpata mtu wa kwao, ingawa hawajuani. Saburi alihamia Masaki wakati Mzee ameshafungwa.

Jioni tulivaa viatu tukaenda Kibuta. Tulipofika uani kwa Bi Mwamini nikaona Saburi amejifunika shati usoni. Nikasema moyoni, mgeni, kashikwa na nyumbani. Atazoea.

23 Machi

Kumbe siyo nyumbani.

Amenivuta kwenye foleni ya maji. "Huyo Bi Mwamini anayetajwa, ni wa makopa? Ana binti anaitwa Hajira, mama lishe kule Kwala?"

"Ndiye huyo."

"Kaka, yule mama tumemzika. Ramadhani ilikuwa haina hata wiki, kabla sijahukumiwa. Presha. Alianguka shambani. Mimi mwenyewe nimebeba jeneza."

Ndoo ilijaa, ikamwagika, nimesimama tu.

Nilimwambia Onesmo, maana ndiye nyapara, na nikamwambia vile vile kwamba kwa desturi habari ya msiba hupelekwa na mtani. Ndugu analia, hawezi kusema. Mtani anaweza. Kwa hiyo kazi ni yangu na nitaifanya leo.

"Nikusikie umefungua mdomo," Onesmo akasema.

"Mzee wa watu atoke Mei, afike kwake na sukari mkononi, akute kaburi?"

"Akute. Kule ana mtoto, ana majirani, watamshika. Humu atashikwa na nani? Na mtondoo?"

"Wewe unaogopa fujo tu selo isikushinde."

Nilitegemea kofi. Hakunipiga. Alichuchumaa akaanza kuchora chini kwa kijiti. "Dotto, mimi mama yangu alishakufa. Nyumba kaka zangu wameuza. Kila jioni mimi naenda Kibuta. Ukimwambia yule mzee, mimi niwe naenda wapi?"

Nilimjua Onesmo kwa kofi lake, sikujua kwamba na yeye jioni huwa anatoka.

31 Machi

Idd. Waumini wa Kibaha mjini wametuletea pilau yenye nyama ya kuonekana kwa macho.

Hajira alikuja kumtembelea baba yake. Nilikuwa nashusha kuni karibu na geti, nikamwona wakati anaondoka. Alizunguka nyuma ya kibanda cha askari, akaukunja mtandio wake mdomoni akalia bila sauti. Afande Elinipa, mkuu wa zamu yetu, alikuwa amemshikia kikapu, anaangalia pembeni.

Mzee amerudi anang'aa. "Mwamini miguu imemvimba, na njia matope matupu. Kanisalimia sana. Nimemwambia Hajira, mwambie mama yako asijisumbue, mimi mwenyewe naja."

Sijui nimkasirikie binti, au Onesmo, au mvua. Mwanamke yuko chini ya ardhi karibu mwezi, na mumewe anamtumia salamu!

2 Aprili

Leo nimefanya, na nimeharibu.

Asubuhi kwenye uji nilimwita pembeni. Nimelala nikipanga maneno, nikaona bora niseme kwa kifupi.

"Mzee Pazi, nina habari ya msiba."

"Ehe, Mpagazi. Nani tena?"

"Bi Mwamini amefariki."

Alinitazama. Wallahi niliona kitu kinapita machoni mwake, mara moja tu, halafu meno yakatoka yote. "Huyu mnamwona huyu? Nilimlilia mwezi uliopita, leo ananilipa!" Akaweka mikono kichwani katikati ya uwanja. "Mwamini wangu weee! Umeniachia nani? Umeniachia Mnyamwezi!"

Watu walicheka hadi uji ukamwagika. Nikasema, Mzee, nisikilize, ni kweli. Akazidi.

"Kazikwa wapi?"

"Kibuta."

"Nani kabeba jeneza?"

"Watu wa huko."

"Uongo wako hauna miguu! Mzigo utoke bila Mnyamwezi?"

Nami nikacheka. Ndilo linalonichoma, kwamba nilicheka. Watu wote wanakutazama, mzee amekupiga bao safi, mdomo unacheka wenyewe. Nilitakiwa nimshike mabega nimwambie nyamaza. Badala yake nikasema, "Ngoja tu, utaona," sawasawa na mtu anayetania. Akanipiga mgongoni akaenda kuosha bakuli lake.

Saburi alikuwa amesimama ukutani, kijasho kinamtoka. Miaka yote nimemtania yule mzee, nimemtukania ngoma zake na ukoo wake, leo ndiyo nimegundua kwamba sina lugha nyingine ya kusema naye.

5 Aprili

"Mpagazi, umeshamzika mke wangu?"

"Nimemzika."

Watu hoi kwa kicheko.

6 Aprili

Vile vile.

9 Aprili

"Umemzika?"

"Bado, nasubiri sanda."

Nimejichukia mpaka jioni.

14 Aprili

Mchezo umefika selo namba mbili na jikoni. Leo hata askari mmoja wa zamu ameniuliza hitima ya Bi Mwamini ni lini. Mzee kanijibia: "Mpaka Mpagazi alete mbuzi toka Nzega, na anakuja naye kwa miguu!"

Anajua kutania mzee huyu. Laiti ingekuwa siku nyingine.

18 Aprili

Ijumaa Kuu. Mvua haijakatika siku tatu na barabara ya kutokea Mlandizi imekatwa na maji. Lori la chakula halijaingia, maharage yamegeuka supu. Selo namba mbili wamepigana, mtu kapasuliwa nyusi. Shambani hatuendi. Tunashinda ndani tunanuka unyevu, na kwa mbali tunasikia treni ya umeme inapita, imejaa watu wanaokwenda wanakotaka.

Kwetu hakuna ugomvi. Mzee ameirefusha safari. Sasa Kisarawe mjini tunapita kwa kinyozi, na njiani tunakuta mazishi ya watu tusiowajua, tunavua kofia. Wakati wa mazishi nilimwangalia Onesmo. Alikuwa amegeukia ukutani na midomo inacheza, anaifuata hadithi neno kwa neno, sawa na mtu anayesali. Nilikuwa nimeapa kumwambia Mzee kesho. Nikaona siwezi, siyo na mvua hii, siyo na njaa hii. Sasa na mimi nimekuwa Onesmo.

26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Msamaha wa rais umetoka. Toka juzi wanaume wamekuwa na adabu ya ajabu, hata wezi wa sabuni wamerudisha sabuni. Wachache wamesomwa majina wakaruka juu, waliobaki wakawapigia makofi, kisha wakaenda kukaa peke yao peke yao. Mzee Pazi hakusomwa, ila hajali. Ameambiwa rasmi tarehe ishirini na nne Mei.

Nilimfuata Afande Elinipa. "Afande, mwambie wewe. Ukisema wewe ataamini."

"Binti yake ameniangukia miguuni nisiseme," akajibu. Afande si mtu mbaya, ni mtu wa tahadhari. "Tena nikimwambia mimi inakuwa jambo la ofisi. Itabidi nimtenge, alale zahanati, achungwe peke yake. Unataka alilie peke yake?"

"Hapana, afande."

"Basi. Wewe si ndiye mtani wake?"

Ninyi mnaosema mtani, mtani, mje mshike hii kazi.

4 Mei

Mzee ameomba ukindu kwenye karakana, anasuka mkeka. Wa kukalia Bi Mwamini akianika makopa, asikae chini kwenye majani mabichi. Ameniita nimchagulie rangi, zambarau au kijani.

"Mwenye macho ya ng'ombe ndiye anayejua majani," akasema. "Haya, ipi?"

Nikasema kijani. Nikaenda nyuma ya choo nikakaa huko mpaka niliposikia naitwa kuhesabiwa.

Basi. Binti ananyamaza kwa mapenzi, Onesmo ananyamaza kwa ajili ya jioni zake, afande kwa ajili ya kazi. Na mimi? Mimi nanyamaza kwa sababu naogopa kupoteza mtani. Wote tunamla yule mzee kidogo kidogo. Haiwezekani asuke mkeka mpaka uishe bila kujua.

9 Mei

Nimemwambia.

Tulipelekwa kuzibua mfereji wa shamba la mahindi. Mvua ilikuwa manyunyu. Afande Elinipa alisimama juu ya tuta na mwavuli na bunduki yake. Mimi na Mzee tulikuwa upande mmoja, wengine mbali.

Nilishusha jembe. Nilivua kofia. Nilichuchumaa mbele yake kwenye matope, nikainamisha kichwa, nikasema, "Shikamoo, mzee wangu."

Alikuwa ameinua jembe. Lilibaki juu.

"Umesemaje?"

"Shikamoo."

Nilisikia mvua kwenye majani ya mahindi. Nilitazama miguu yake tu, vidole vimepauka kwa maji. Halafu lile jembe likashuka taratibu, hakulitupa, alilishusha akaliegemea.

"Marahaba," akasema. Sauti haikuwa yake. "Mwamini?"

"Naam."

"Kumbe ilikuwa kweli."

"Ilikuwa kweli, mzee. Mwanzoni mwa Ramadhani. Saburi alibeba jeneza."

"Na Hajira anajua?"

"Anajua. Aliogopa usije ukaanguka humu, hayupo wa kukushika."

Alikaa chini, pale pale kwenye maji ya mfereji. Nilikaa na mimi. Afande alituona tumekaa saa ya kazi, akageuza uso akaangalia upande wa Magindu.

"Uliniambia," Mzee akasema. "Uliniita pembeni ukaniambia, na mimi nikacheka. Nimemcheka mke wangu mwezi mzima. Kila asubuhi nauliza kazikwa, kazikwa."

"Mimi ndiye niliyekuchekesha."

"Wewe ulileta msiba. Mimi ndiye niliyeupigia ngoma." Hapo ndipo alipolia. Nilimshika mabega, nikalia na mimi, na siandiki zaidi ya hapo.

10 Mei

Jana jioni mlango ulipogonga hakuna aliyesema vaeni viatu. Mzee alilala amejifunika gubigubi. Watu walikwishajua. Onesmo alikuja mpaka kwenye mkeka wangu, nikajiandaa kupigwa, akaniuliza tu, "Amekula?" Nikamwambia hajala. Akaenda akakaa karibu na Mzee, akakaa hivyo hivyo mpaka nikapitiwa na usingizi.

12 Mei

Afande Elinipa ametukubalia matanga, muda wa kufungiwa usogee mpaka baada ya magharibi. Jikoni wametoa sukari, ikapikwa chai. Mudathir, imamu wetu, ambaye nje alikuwa akiuza simu zisizo zake, amesoma Yasini vizuri kuliko nilivyotegemea. Wakristo wamekaa nyuma na kofia mkononi. Watu wa selo namba mbili wametuma ujumbe wa pole na vijiti vya sigara.

Dua ilikwisha. Mzee Pazi akainua kichwa.

"Mtani yuko wapi?"

"Nipo, mzee."

"Usiniite mzee. Mke wangu amekufa, na mtani wake amekaa kwenye kona amefura! Unataka Mwamini azikwe kimya kimya? Ukoo wake utasemaje?"

Kila mtu hapa pwani anajua kazi ya mtani msibani. Anavaa nguo za marehemu, anamwigiza, anawachekesha wafiwa wasife na wao. Lakini mimi Bi Mwamini sijawahi kumwona hata picha.

Nilisimama. Nilijifunga blanketi kiunoni, jingine nikajitanda. Nikaenda hatua mbili, nikainama nikaanza kugeuza makopa.

"Siyo hivyo," mtu akasema toka nyuma. "Anainama kwa mgongo, kiuno kinamuuma upande wa kulia."

"Na makopa anayapuliza kwanza," akasema mwingine.

Nikayapuliza. Nikaweka mkono kiunoni.

"Mkono wa kushoto!" Huyu alikuwa Onesmo. Amesimama, jitu zima, analia na anafoka. "Mkono wa kulia ameshika mwiko! Toka hapo, hujui!" Akaninyang'anya blanketi, likamfika magotini. Akaweka mkono wa kushoto kiunoni, akamtazama Mzee Pazi toka juu hadi chini, polepole, akabetua mdomo. "Umechelewa. Na samaki yuko wapi?"

Loh! Selo ilipasuka. Mzee Pazi alicheka mpaka akashika ubavu, na kicheko hicho hicho kikageuka kilio, kikatoka chote kilichokuwa kimeziba toka shambani. Tulimwacha alie. Na wengi tulilia naye, siyo kwa ajili yake tu. Yule mama tulikuwa tukienda kwake kila jioni, na hakuna aliyekuwa ametupa pole.

19 Mei

Mvua inapungua. Mzee amemaliza mkeka. Hakusema ni wa nini sasa.

24 Mei

Ametoka leo asubuhi. Alivaa shati alilokuja nalo, limekuwa kubwa kwake. Tulikuwa kwenye mstari wa kwenda shambani, haturuhusiwi kusema, lakini Afande Elinipa alianza kufunga kamba za viatu vyake, na alizifunga muda mrefu.

"Mcheza Ngoma!" nikaita. "Usirudi! Tumechoka kukulisha!"

Aliinua mkono mmoja akaenda.

1 Juni

Jioni ni ndefu. Mlango unagonga, watu wanaangaliana. Mudathir alijaribu kusimulia mpira wa Simba na Yanga, wakataka kumpiga. Onesmo amempiga mtu kofi kwa sababu ya kikombe. Mawingu yamekwisha, anga ni safi, na sisi humu ni wachafu wa roho. Nilidhani ukweli ukisemwa mambo hunyooka. Bado sijaona.

15 Juni

Jumapili. Nilikuwa nafua. Askari akaita, "Dotto! Mgeni!"

Nikaendelea kufua. Toka nifungwe sijawahi kuitiwa mgeni, Nzega ni mbali na ndugu zangu wamesusa. Akaita tena, na jina la baba yangu.

Nyuma ya nyavu alikuwa amekaa Mzee Pazi, amevaa kanzu na kofia mpya, amekonda.

"Mzaramo wewe, umesahau nini huku?"

"Nyamaza. Nimekuja kwa shida zangu." Alisogea karibu na nyavu. Akaniambia kaburi ameliona, ameliwekea mawe, na mkeka wa kijani ameutoa sadaka msikitini. Nyumba imesimama, ila upande wa jiko umeanguka na mvua. Usiku analala peke yake, na asubuhi anajikuta anaongea na mlango. Hajira anamtaka ahamie kwake Kwala, anapowapikia madereva wa malori ya bandari kavu. Amempa chumba. Majirani wanamwambia asiache kiambo cha mkewe kiwe pori.

"Na wewe unataka nini?"

"Ndicho nilichofuata." Akajifuta uso kwa kofia. "Mpagazi, miaka arobaini nilikuwa namuuliza Mwamini. Sasa nikimuuliza Hajira, anajibu la mtoto. Majirani wanajibu la mipaka. Nimekaa nikawaza, nani mwingine anamjua Mwamini? Nikaona ni ninyi. Kawaulize. Mwamini angesema nikae, au niende?"

Muda ukaisha. Jumapili ijayo anarudi kuchukua jibu.

Jioni mlango ulipogonga nikawaambia. Hakunikatiza hata mmoja. Nilipofika kwenye swali, zikazuka kelele ambazo selo hii haijazisikia toka Mei. Abaki, mwanamke yule hakumwaga jasho lake miaka yote nyumba iwe ya mchwa! Aende, mtu mzima haongei na mlango! Mudathir akaleta hadithi za mtume. Saburi akasema jiko laweza kujengwa, yeye anajua fundi. Tukapiga kelele hadi askari akagonga mlango kwa rungu.

Onesmo peke yake hakusema. Nilijua upande wake. Kama kuna mtu humu anayeitaka ile nyumba ibaki imesimama, mlango wazi, ni yeye.

"Nyapara," nikasema, "wewe?"

"Aende kwa mtoto," akasema. "Mwamini asingekubali alale peke yake hata siku moja. Mnamjua. Angemtoa kwa mwiko."

"Na Kibuta?" mtu akauliza.

"Kibuta njia tunaijua sisi, kila jioni."

Hakuna aliyebisha. Nikamwambia Mudathir anikumbushe, Jumapili nisije nikaanza kutania nikasahau kumpa mzee jibu lake.